Sheria imebadilika, hofu ya jukwaa ingalipo

Fasihi ya Kenya ilidai haki kabla ya sheria kuitambua. Mnamo 1969, mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa jela miaka 3 kwa kosa la uchochezi, kutokana na kijitabu chake, Kenya: Twendapi? Mwishoni mwa 1977, Ngugi wa Thiong'o alizuiliwa bila kushtakiwa, baada ya tamthilia yake na Ngugi wa Mirii kupigwa marufuku huko Kamiriithu.

Mmoja alihukumiwa kortini, mwingine hakufikishwa kortini kamwe. Hata hivyo, wote wawili waliadhibiwa kwa mujibu wa sheria zilizokuwapo, na hapo ndipo penye fundisho: si kila kilicho halali huwa cha haki.

Mageuzi ya 1997 yalifuta kosa hilo la uchochezi. Kisha Katiba ya 2010, katika kifungu cha 33, ikataja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa.

Lakini Aprili 2025, tamthilia ya Echoes of War ya wasichana wa Butere ilipozuiwa, Mahakama Kuu iliamuru iigizwe. Huko Nakuru, polisi walirusha vitoa machozi, nao wanafunzi wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza.

Zamani mwandishi alikosa sheria ya kumkinga. Sasa sheria ipo, amri ya korti ipo, kinachokosekana ni utiifu wa wenye mamlaka. Katiba ni ahadi, na ahadi ni deni.