Mtoto wa Chuo Kidogo Mbele ya Mizani ya Wakubwa

Shepherdstown ni mji mdogo wa jimbo la West Virginia, Marekani, ukingoni mwa mto Potomac. Wakazi wake hawatimii elfu mbili. Chuo kilichopo pale, Shepherd University, kina uwanja wa mpira unaochukua watu elfu tano. Maana yake ni kwamba siku ya mechi uwanja huwa na watu wengi kuliko mji wenyewe. Na katika miaka ya 2021 na 2022 mabishano ya mashabiki wa uwanja ule yalikuwa juu ya mambo mawili: je, timu itafika wapi katika mechi za mtoano, na je, kijana Tyson Bagent ataweza kucheza mpira wa kulipwa?

Nataka tuyatazame mabishano hayo, maana ndani yake mna jambo linalotuhusu hata sisi tusioufahamu mchezo wenyewe.

Kwanza tuelewane juu ya mchezo. Kandanda la Kimarekani si hili letu. Mpira wao ni wa umbo la yai, aghalabu hushikwa kwa mikono, na timu husogea uwanjani yadi baada ya yadi kama jeshi linalonyakua ardhi. Katika kila timu yuko mtu mmoja ambaye shambulio lote hupita mikononi mwake. Yeye hupokea mpira, hutazama, huamua, kisha hurusha. Na yote hayo huyafanya kwa muda usiotosha mtu kupiga chafya mara mbili, huku majitu yenye uzani wa ratili mia tatu yakimjia kumwangusha. Huyo wenyewe humwita kwotabeki. Timu ikishinda husifiwa yeye, ikishindwa hulaumiwa yeye, mfano wa nahodha wa jahazi.

Mchezo huo umejigawia siku zake za juma. Ijumaa usiku hucheza shule za sekondari, Jumamosi hucheza vyuo, Jumapili hucheza wale wanaolipwa. Ndivyo ilivyozoeleka kwao, na mtoto wa Kimarekani mwenye kipaji hukua akitamani kuvuka kutoka usiku wa Ijumaa hadi mchana wa Jumapili. Wavukao ni wachache mno.

Vyuo navyo vina matabaka. Juu kabisa vimekaa vikubwa kama Alabama, ambao uwanja wao huchukua watu laki moja. Chini yao mna tabaka baada ya tabaka. Shepherd wamo katika daraja la pili, pamoja na vyuo vingine zaidi ya mia na hamsini. Chuo cha daraja hilo huruhusiwa kutoa ufadhili wa masomo wa watu 36 tu kwa timu nzima ya kandanda, nao hukatwakatwa vipande ili wengi wapate kidogo kidogo. Kwa miaka mingi wakubwa waliruhusiwa watu 85, tena kila mmoja kwa ukamilifu. Basi mchezaji wa chuo kidogo aghalabu hulipa sehemu ya karo yake mwenyewe, husafiri kwa basi, na kamera za televisheni kubwa hazimjui.

Bagent ni mtoto wa Martinsburg, mji jirani kabisa na chuo. Baba yake ni bingwa wa dunia wa ule mchezo wa kulazana mkono mezani, na mashabiki hawakuacha kulitaja jambo hilo kila mtoto aliporusha mpira wa mbali, kana kwamba mkono ni mali ya urithi. Mwaka 2021 alirusha pasi zilizofikia yadi 5,000 kamili, na pasi 53 kati ya hizo zikawa mabao. Alitunukiwa Harlon Hill, nishani ya mchezaji bora wa daraja la pili. Alipomaliza masomo baada ya msimu wa 2022 alikuwa amerusha pasi 159 za mabao, rekodi ya vyuo vya madaraja yote kwa wakati ule.

Hapo ndipo mashabiki walipogawanyika. Kuna waliosema kwamba pasi 159 ni pasi 159, hata ukicheza na watoto wa chekechea. Wengine, nao ni mashabiki wa chuo hicho hicho, walitikisa kichwa: mlinzi wa daraja la pili si mlinzi wa Jumapili, yule ana mwendo wa polepole, akikosea hukupa nafasi ya kurusha tena. Huyu wa kulipwa hakusubiri. Hoja hiyo haikuwa ya husuda. Ni hoja ya mtu anayempenda kijana na asiyetaka kumdanganya.

Na mechi za mtoano zilikuwa kama zinaipa nguvu hoja ya pili. Mtoano wa daraja la pili kwa miaka ile ulikuwa wa timu 28, saba kutoka kila kanda ya zile kanda nne. Ukifungwa mara moja unarudi nyumbani. (Tangu 2025 zimekuwa timu 32.) Raundi za mwanzo jirani huuana na jirani, kwa hivyo timu mbili zenye nguvu za kanda moja haziwezi kukutana fainali. Mashabiki hulalamikia utaratibu huu kila mwaka, na mimi naona wana haki, ingawa najua pia kwamba nauli ya kuwavusha wachezaji mia moja kutoka pwani hadi pwani si mchezo kwa chuo cha kimasikini. Shepherd walikuwa wamewahi kufika fainali ya 2015 wakafungwa na Northwest Missouri State 34 kwa 7. Walikuwa na njaa ya miaka.

Desemba 2021, wakiwa na Bagent, walifika nusu fainali. Wakaenda Michigan kukutana na Ferris State, wakafungwa 55 kwa 7. Desemba 2022 wakafika tena nusu fainali, safari hii Colorado, kwa chuo cha madini cha Golden. Wakafungwa 44 kwa 13. Misimu miwili mizuri, kila mmoja umekwisha kwa aibu ya namna ile mbele ya lango la fainali. Waliosema kijana hatoshi wakazidi kusema. Waliosema anatosha wakajibu kwamba kwotabeki hazuii mabao, hurusha tu. Timu ikifungwa 55 muulizeni mlinzi.

Mimi nasema wote wawili walikuwa wakipimia kipimo kisicho chake. Mtoano hupima chuo. Unapima kina cha kikosi, idadi ya wanaokaa benchi, ubora wa daktari wa misuli, na fedha. Kipaji cha mtu mmoja hakionekani vizuri katika mizani hiyo. Mtazame John Matocha, kwotabeki wa chuo kile cha madini aliyemfunga Bagent: mwaka huo wa 2022 alitwaa yeye nishani ya Harlon Hill, na akakifikisha chuo chake fainali mara mbili mfululizo, 2022 na 2023, akafungwa zote mbili. Ikiwa mtoano ndio kipimo, Matocha ni bora kuliko Bagent. Lakini mwaka 2024 hakuna timu ya kulipwa iliyomteua.

Kuna jambo lililotokea kati ya nusu fainali hizo mbili, nalo ndilo lililonifanya niandike. Siku hizi mchezaji wa chuo akitaka kuhama hutia jina lake katika daftari maalumu, lililofunguliwa mwaka 2018, na vyuo vingine vikamwita. Tangu 2021 aweza kuhama bila ya kukaa nje mwaka mzima, na mwaka huo huo wa 2021 waliruhusiwa wachezaji kulipwa fedha kwa matumizi ya jina na sura zao. Ukiyaunganisha hayo mawili, mlango wa chuo kidogo umeachwa wazi usiku. Kocha hulea kijana miaka mitatu, akipea, wakubwa humchukua. Bagent naye, baada ya msimu wa 2021, alitia jina lake katika daftari lile. Kisha akalitoa. Akarudi Shepherd kumaliza.

Mashabiki waliosherehekea walisema: huyu ni mwana wa nyumbani. Lakini wako waliohuzunika kwa ajili yake, wakiona kwamba amejinyima mwaka mmoja mbele ya macho ya wakubwa na huenda amejifungia riziki. Hapa ndipo ilipo shida ya kumshabikia mtoto wa chuo kidogo. Ukimpenda, wataka aondoke. Ukikipenda chuo, wataka abaki. Na watu wale wanavipenda vyote viwili. Sisi wa Mombasa twaijua shida hii kwa njia yetu: Feisal walichukua ubingwa wa Kenya mwaka 1965, na tangu hapo ni mara ngapi tumeona kijana akichipua mtaani kisha tukasoma jina lake katika kikosi cha Nairobi? Tulimsifu na tukamlaani kwa pumzi moja.

Siku ya uteuzi ikafika, Aprili 2023. Timu za kulipwa huketi na kuchagua vijana kwa zamu, raundi saba. Mwaka huo waliteuliwa vijana 259. Wa kwanza alikuwa Bryce Young wa Alabama, aliyepewa na Carolina mkataba wa karibu dola milioni 38 kwa miaka minne. Jina la Bagent halikutajwa, si la kwanza wala la 259. Timu ya Chicago ikamwita baadaye, kwa mlango wa nyuma, kama waitwavyo wengi wa kujazia mazoezi.

Wenye kumbukumbu walikuwa na mifano ya pande zote. Yuko Kurt Warner wa Northern Iowa, ambaye hakuteuliwa na yeyote, akapanga bidhaa katika duka la Iowa, na Januari mwaka 2000 akaishindia St. Louis ubingwa wa nchi. Yuko na Trey Lance wa North Dakota State, chuo kilicho daraja moja juu ya Shepherd. Yeye San Francisco walimteua wa tatu mwaka 2021, na ili wampate walitoa nafasi zao za raundi ya kwanza za miaka mitatu. Agosti 2023 wakamwachia Dallas kwa nafasi moja ya raundi ya nne. Bei ya mtu si thamani yake, ila soko halijali.

Nasi Waislamu tunaye wa kumkumbuka katika hao wasioteuliwa: Husain Abdullah, ambaye mwaka 2008 aliingia kwa mlango huo huo wa nyuma. Mwaka 2012 yeye na nduguye Hamza walikaa nje msimu mzima wapate kwenda kuhiji. Septemba 2014, akiichezea Kansas City, aliunyaka mpira wa Tom Brady akakimbia nao hadi bao, akasujudu kumshukuru Mola. Mwamuzi akaiadhibu timu yake. Kesho yake ligi yenyewe ikakiri kwamba adhabu ile haikustahili.

Turudi Chicago. Kufika Septemba Bagent alikwisha panda hadi akawa wa pili nyuma ya Justin Fields. Oktoba 15, 2023, Fields akaumia kidole gumba, na mtoto wa Shepherdstown akaingizwa. Juma lililofuata alianza mwenyewe dhidi ya Las Vegas: pasi 29, zikafika 21, Chicago wakashinda 30 kwa 12. Kisha wakafungwa na Chargers. Kisha New Orleans wakamnyang'anya mpira mara tatu hewani, na wale waliosema mlinzi wa Jumapili hakusubiri wakapata ushahidi wao. Halafu Novemba 9 wakaja Carolina na Bryce Young wao wa dola milioni 38. Aliyeteuliwa wa kwanza dhidi ya asiyeteuliwa kabisa. Chicago 16, Carolina 13.

Haukuwa mchezo wa kupendeza, na sitasema kwamba ulithibitisha lolote. Young hakuwa na walinzi wa kumkinga. Mechi nne alianza Bagent mwaka ule, akashinda mbili, Fields alipopona akarudi benchi.

Lipo jingine linaloniudhi katika habari hii, nalo ni kamari. Mahakama Kuu ya Marekani iliyafungulia majimbo mlango wa kamari ya michezo Mei 2018, na West Virginia ikawa miongoni mwa za mwanzo kuingia. Tangu hapo swali la "atarusha mabao mangapi Jumamosi?" halikubaki swali la shabiki; limekuwa tiketi. Machi 2024 mkuu wa shirikisho la vyuo, Charlie Baker, aliyataka majimbo yapige marufuku kamari inayomlenga mchezaji mmoja mmoja wa chuo, kwa kuwa vijana walikuwa wakitishwa na waliopoteza fedha. Mwanafunzi wa miaka ishirini atukanwe kwa kuwa amerusha mabao mawili badala ya matatu! Sina haja ya kuwaeleza wasomaji wangu hukumu ya maisiri, nao wanayaona haya haya katika simu za watoto wetu hapa Kenya.

Agosti 2025 Chicago walimwongezea Bagent mkataba wa miaka miwili, dola milioni 10, abaki kuwa msaidizi wa Caleb Williams. Kwa hesabu ya wakubwa hizo ni fedha ndogo, na kazi yenyewe ni ya kuketi na kungoja mwenzio aumie. Huko Shepherdstown bado wanabishana: wapo wanaosema angehamia chuo kikubwa mwaka ule wa 2022 leo angekuwa anaanza, na wapo wanaosema angehama angepotea katika umati, asionekane hata na huyo wa mlango wa nyuma. Na kila Novemba ikikaribia hulitoa karatasi la kanda ya kwanza wakahesabu nani atamkuta nani.