Pentekoste isiishie mstari wa 21

Jamani wapendwa, leo lazima niseme. Hapa Marekani parokia nyingi za Episcopal siku ya Pentekoste watu huvaa nyekundu, na Matendo 2 husomwa kwa lugha mbalimbali. Mimi huitwa nisome Kiswahili. Safi sana! Ila ibada ikiisha, kwenye kahawa kila mtu na kundi lake, na yule mama mkimbizi kutoka Kongo kasimama peke yake na kikombe. Ushirika gani huo?

Somo la siku hukatwa mstari wa 21. Mistari ya 44 na 45, waumini wanapouza mali na kugawana, haisomwi! Sisi tunaosomea ualimu tunajua: ukijibu nusu swali hupati vema.

Mwakani, kabla hamjaniita nisome, mkaribisheni kwanza yule mama mezani.