Sululu wa Masisi Asikilizwe Alfajiri

Rai yangu, ambayo yumkini itapingwa na wapenzi wa ndege waliozoea vitabu vya Ulaya, ni kwamba mtu wa Masisi, mashariki mwa Kongo, anayetaka kushuhudia uchumba wa sululu asiende bwawani jioni, bali alfajiri. Na akienda asijisumbue kuchukua darubini, kwa kuwa tamasha hilo ni la sikio kuliko jicho.

Sululu ninayemkusudia ni yule ambaye wataalamu humwita Gallinago nigripennis, ndege wa hudhurungi mwenye mistari ya manjano mgongoni, tumbo jeupe, na mdomo mrefu ulionyooka ambao huuchomeka topeni akipapasa minyoo asiyoiona. Mchana hujibanza majanini hata ukaribie kumkanyaga, ndipo hufyatuka kwa ghafla na kwenda zake upogoupogo. Jamaa yake wa misituni, wa jenasi ya Scolopax, hafiki kwetu. Huko Ulaya na Marekani watu wamejifanyia ada ya kumtazama jioni za majira ya kuchipua, hata mwandishi wa Marekani Aldo Leopold, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1949, akawaeleza wasomaji dakika ya kufika uwanjani na jinsi dakika hiyo inavyosogea siku hata siku kadiri mchana unavyorefuka. Sisi tulio karibu na ikweta tumeruzukiwa nafuu: jua letu huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, na anayesikia kengele ya misa ya kwanza hana haja ya ratiba nyingine.

Dume hupanda juu sana, akazunguka bwawa lake mara kadhaa pasina haraka, kisha hujitupa chini mshazari hali amekunjua mkia, yale manyoya membamba ya pembeni yakijitenga na mengine. Na hapo hewani hutoka mvumo mzito wa kutetema, kama mbuzi aliaye ng'ambo ya bonde, ambao mgeni huutafuta nyasini ilhali mwenyewe yuko mbinguni. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana iwapo sauti hiyo yatoka kooni, mbawani au mkiani. Wilhelm Meves wa Sweden alikwisha kuonyesha katika karne ya 19 kwamba ni mkia, na mwaka 1912 Philip Manson-Bahr, ambaye baadaye alipata sifa kwa elimu ya maradhi ya nchi za joto, aliyachomeka manyoya ya mkia wa sululu wa Ulaya katika kizibo, akakizungusha kwa uzi, na wote waliohudhuria wakasikia mvumo uleule. Mkia ndio wenye kusema, nayo mabawa huukatakata upepo unaoupitia.

Wakati wa uchumba wa sululu ni wa mvua, yaani kuanzia Septemba hadi Disemba, na tena Machi hadi Mei, mabonde yanapojaa na tope kulainika. Siku ya mawingu mazito, au usiku wa mbalamwezi, huweza kuvuma hata nje ya saa zake. Jioni nayo huvuma, sikatai. Lakini jioni ng'ombe wanarudi, pikipiki zinapanda mlima, na anayesikiliza hurejea nyumbani gizani. Ilhali alfajiri kila dakika humwongezea mwanga wa njia. Jambo hili si dogo kwetu. Mji wa Masisi uliingia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, na Walikale nayo, kwa muda mfupi, mwezi wa Machi mwaka uleule. Na katika nchi iliyo hivyo, darubini shingoni mwa raia ni hoja tosha ya kumtia mashakani kwa kila mwenye bunduki, awe wa upande wowote. Kwa hiyo nasema: asikilizwe kwenye bwawa la jirani, pale ambapo watu wanakujua kwa jina, na penye wasiwasi usitoke kabisa.

Mintarafu ya mahali, tafuta nyanda za juu: kingo za maziwa ya Mokoto, na mabonde yenye ukangaga yaliyo kati ya vilima vya malisho. Ng'ombe wachache hawamdhuru sululu, kwani hupunguza majani akapata pa kutembea. Kinachomwangamiza ni mfereji. Bwawa likichimbwa mfereji kwa ajili ya kabichi na viazi, tope hukauka, mdomo hauingii, naye huhama. Siwalaumu wakimbizi wa ndani wanaolima palipobaki, maana njaa haina subira. Nawasemesha wenye mashamba makubwa ya ng'ombe, ambao wangeweza kuacha sehemu ya chini ya bonde ibaki na maji yake bila ya kupungukiwa na chochote, tena mifugo yao wenyewe ingenywa hapo mwezi wa Julai, vijito vinapopungua.

Watu wa Walikale wataniuliza wao wafanyeje, kwa kuwa huko nchi hushuka ikawa msitu mnene, wala sululu wa nyanda za juu si wa kutafutwa chini ya miti. Lakini nao wana mchumba wao, ndege mdogo wa jenasi ya Smithornis, mwenye mdomo mpana, kichwa cheusi na madoa ya rangi ya chungwa ubavuni. Dume huruka kutoka katika tawi la kimo cha kadiri, akafanya duara dogo hewani na kurudi palepale alipotoka, na katika duara hilo hutoa mkwaruzo mkali unaosikika mbali; utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kwamba ni manyoya ya bawa yanayotetema. Huyu hana haja ya alfajiri, ingawa asubuhi ndiyo saa yake njema, na kwa kuwa hurudi kwenye tawi lilelile, mwenye kusimama kimya baada ya kuisikia sauti ya kwanza aghalabu humwona kwa ya pili au ya tatu.