Mikono Kabla ya Mashine

Watu wengi wakisikia habari za mashine ifanyayo kazi ya moyo na mapafu, hudhani ya kwamba kifo kimeshindwa. Sivyo. Mashine hiyo huvuta damu mwilini, huitia oksijeni, kisha huirudisha. Daktari John Gibbon aliitumia kwa mafanikio mara ya kwanza mwaka 1953 huko Philadelphia, Marekani, alipoziba tundu moyoni mwa msichana wa miaka 18. Siku hizi hutumiwa pia kwa mtu ambaye moyo wake umesimama ghafula na kukataa matibabu ya kawaida.

Lakini nani atapona? Mashine ni chache, gharama ni kubwa, na madaktari hawana budi kuchagua upesi. Kwa hiyo hufanya hesabu ya kukisia. Huuliza: Je, alionekana alipoanguka? Je, alikandamizwa kifua mara moja? Dakika ngapi zimepita? Moyo ulikuwa ukitetemeka, au ulinyamaza kabisa?

Hata hivyo hesabu hiyo si hakika. Katika jaribio la Minneapolis lililotangazwa mwaka 2020, wagonjwa 6 kati ya 14 waliopangiwa mashine walitoka hospitali wakiwa hai. Kwa matibabu ya kawaida alitoka 1 tu kati ya 15. Lakini jaribio la Uholanzi la mwaka 2023 lilionyesha tofauti ndogo: waliokuwa hai na akili timamu baada ya siku 30 walikuwa 20 kwa mia, na 16 kwa mia.

Wako wasemao ya kwamba haya hayatuhusu sisi tulio mbali na mashine. Mimi sikubali. Yatazameni maswali yale mawili ya kwanza: hayamhusu daktari, yamhusu jirani aliyekuwa karibu. Ubongo ukikosa damu huanza kuharibika katika dakika chache, wala hakuna mashine iwezayo kuufufua ukiisha kufa. Na tangu mwaka 1960 madaktari wa Baltimore walionyesha ya kwamba kukandamiza kifua hakuhitaji chombo, mikono miwili yatosha: katikati ya kifua, kwa nguvu, kina cha sentimeta 5 au zaidi kidogo, mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Shuleni kwetu jambo hili hufundishwa Maskauti peke yao. Nashauri afundishwe kila mwanafunzi kabla ya kumaliza masomo. Nanyi kaka zetu mliokwisha kutoka, jifunzeni huko mliko. Mwenzetu akianguka kiwanjani hatutakuwa na mashine, ila mikono tunayo.