Kwiri haijibu "mbona"

Developa wawili wakikutana Lodwar, mmoja lazima aseme injini ya kanuni ni kujionyesha tu, kwiri ya SQL inatosha. Mara nyingi niko upande wake. Lakini hebu tuangalie mfano wa hapa kwetu, si wa duka la mtandaoni la Marekani.

HSNP mnaijua, ile pesa ya kupambana na njaa inayosimamiwa na NDMA. Awamu ya pili ilianza 2013, na karibu familia zote za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera zikaandikishwa. Kama 100,000 hivi zikawa za kulipwa kila mara. Zingine zilikuwa za kuongezwa ukame ukizidi.

Ukame wenyewe unapimwa kwa setilaiti. Kuna namba inaitwa VCI, inayoonyesha hali ya mimea ikilinganishwa na miaka ya nyuma. Chini ya 20 ni ukame mkali, chini ya 10 ni balaa. Hapo kwiri tosha! Namba moja, mpaka mmoja, mstari mmoja. Hifadhidata itachuja rekodi laki kadhaa kabla hujamaliza chai. Ya nini kuzitoa zote nje uzipitishe kwenye kanuni moja moja?

Shida inaanza ukitaka kuchuja familia. Nani maskini kuliko mwenzake? HSNP ilichanganya fomula ya maswali kuhusu maisha ya nyumbani na maoni ya jamii yenyewe. Sasa chukua kitu kama hicho, ukikaze ndani ya WHERE moja yenye AND na OR ishirini. Mama wa Kalemng'orok akienda kwa chifu kuuliza, "Mbona jina langu halimo?", atajibiwa nini? Kwiri hurudisha waliopita. Waliobaki nje inawanyamazia.

Kanuni zikikaa kando, kila moja na jina lake, mfumo unaweza kuandika: huyu ameondolewa na kanuni ya nne, tuseme idadi ya mbuzi. Mama anasema, "Hao mbuzi walikufa kiangazi kilichopita." Hapo kuna kitu cha kurekebisha, na hata karani asiyejua SQL anakiona.

Ndiyo, unaweza kuandika kwiri inayohifadhi sababu. Andika basi, mimi sigombani na zana. Ila nimesoma kwiri nyingi za watu, na sababu huwa haimo.

Kuna mtu hapa anajengea wadi mfumo wa basari? Niambie ukimwacha mtoto nje, mfumo wako unamwambia nini mzazi.