Ukiinua gari, badilisha na mikono yake ya mbele

Wenye magari wenzangu wa Kasongo na Kabambare, nasema nanyi kwanza, kwa kuwa pesa za matengenezo ziko mifukoni mwetu, haziko kwa madereva. Gari likipinduka katika njia ya Wamaza tunauliza dereva alikunywa nini. Ni nadra mtu kulala chini ya gari lile akatazama vyuma viwili virefu vinavyoishika ekseli ya mbele. Mimi naomba tuanzie huko.

Nina Land Cruiser moja ya pikapu, ile 79, yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2. Inatoka mjini na chumvi, sabuni na vitenge, inarudi na mchele, karanga na mafuta ya mawese. Juu ya mzigo wanakaa watu. Sipendi wakae huko, lakini mama mwenye mgonjwa anayengoja gari tangu jana huwezi kumwambia angoje lingine. Mvua zikishika, malori yanachimba mifereji miwili barabarani, kina chake kinafika magotini mwa mtu mzima, na katikati linabaki tuta la udongo mwekundu. Gari la chini linakalia tuta hilo kwa tumbo, magurudumu yanazunguka bure, abiria wanashuka na majembe. Ndiyo sababu tunainua magari, na sina ugomvi na jambo hilo. Bila kuinua, mchele wetu ungeozea vijijini.

Ugomvi wangu ni namna tunavyoinua. Tunanunua springi ndefu, au tunaweka vipande vya chuma juu ya springi za zamani, tunafunga mipira mikubwa, kisha tunasema kazi imekwisha. Ile mikono miwili inayotoka kwenye shasi kwenda kuishika ekseli, ambayo mafundi wetu huiita bra, tunaiacha ileile iliyotengenezwa kwa gari la kimo cha kiwandani. Mara nyingi hata bushi zake za mpira hatuzigusi.

Chukua baiskeli uelewe ubaya wake. Uma wa mbele umelala kidogo, juu unaelekea kwa mwendeshaji, na kwa sababu hiyo gurudumu hufuata nyuma ya mstari wa uma. Kijana anaweza kuachia mikono miwili na baiskeli ikaendelea kunyooka. Simamisha uma ule wima, baiskeli itakuwa mwitu. Ekseli ya mbele ya 79 nayo imetengenezwa na mlalo kama huo, wa digrii chache tu. Mkono umefungwa kwenye ekseli kwa bushi mbili, na nyuma umefungwa kwenye shasi kwa bushi ya tatu. Ukipandisha shasi, ncha ya nyuma ya mkono hupanda nayo, mkono unainama kwa mbele, na kwa kuwa ekseli imeng'ang'aniwa nao, inazunguka pamoja nao. Mlalo unapungua. Mafundi wanakadiria kwamba kila inchi moja ya kuinua hula karibu digrii moja. Ukiinua inchi nne, umeumaliza mlalo wote wa kiwandani.

Mafundi wetu wazee si wajinga, na nasema hivyo kwa heshima. Wengi walijifunza kazi kwenye HZJ75, gari lililokuwa na springi za vyuma bapa mbele na nyuma. Gari lile halikuwa na mikono hii. Ekseli ilikalia springi moja kwa moja, ukitaka kuinua unaongeza vyuma, na usukani ukilegea unapachika kabari kati ya springi na ekseli. Mwaka 1999 Toyota ilileta 78 na 79, mbele ikaweka springi za kuzunguka, na mikono ikachukua kazi ya kuishika ekseli. Gari lilibadilika chini, juu likabaki na sura ileile, na ufundi wa kuinua ukahamishwa kutoka 75 hadi 79 bila kuongezewa kitu.

Tena kosa hili lina hila. Wakati wa matope haliji. Dereva anakwenda polepole, mifereji inayashika magurudumu kama reli, hakuna anayeona kasoro. Linangoja kiangazi. Mwezi wa saba njia imekauka, pamepatikana kipande kilichonyooka, dereva anataka kufidia saa alizopoteza, anafika kilomita 60 au 70 kwa saa. Hapo mbele panaanza kuyumba kushoto na kulia. Akipiga jiwe, magurudumu yanatetemeka hadi usukani unamruka mikononi. Dereva wangu, mzee mtulivu asiyeonja pombe, aliniambia mlangoni, "Mama, gari halinisikii." Nilimwamini. Nililisimamisha gari hadi vipuri vikafika, na hasara ya siku zile niliibeba mwenyewe.

Dawa ziko za namna tatu, wala hazilingani. Ya kwanza ni bushi ambazo tundu lake halipo katikati, zinazoirudisha ekseli nyuma kwa digrii mbili hivi. Kwa gari lililoinuliwa inchi mbili zinatosha, kama ni za mtengenezaji anayejulikana. Lakini upande mmoja mpira wake ni mwembamba, na kwa mashimo yetu upande huo hufa upesi, kwa hiyo zinataka kukaguliwa mara kwa mara. Ya pili ni kushusha mahali mkono unapofungwa kwenye shasi kwa kibano cha chuma. Inasaidia, ila kibano kinaning'inia chini, na chini ndiko kuliko na visiki. Ya tatu ni mikono mipya kabisa, iliyotobolewa tangu kiwandani kwa pembe ya gari lililoinuliwa, yenye bushi nene. Kwa aliyepita inchi mbili, na wengi wetu tumepita, naishikilia hii ya tatu. Kwa bei nilizopata mimi, mikono miwili na usafiri wake ilikuwa chini ya mipira minne mikubwa. Hakuna anayelalamikia bei ya mipira, kwa sababu mipira inaonekana.

Kuna na dawa ya nne ambayo si dawa: kukata mkono wa zamani, kuukunja na kuuchomelea. Chuma kilichochomelewa barabarani hubaki kigumu na dhaifu kando ya mshono, na mkono ukikatika gari likiwa mbioni, ekseli inageuka na hakuna dereva atakayelishika. Fundi akikupendekezea hivyo, mshukuru uondoke. Fundi mzuri, akishafunga mikono mipya, atatazama pia kadani, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, maana ekseli ikizungushwa pembe ya kadani hubadilika. Atapima mipira ya breki kama haikuvutwa. Atatazama ile fimbo ya mshazari inayozuia ekseli isihamie upande mmoja.

Wenye Prado na Hilux mpya wasidhani hawamo. Magari yale hayana ekseli moja mbele. Kila gurudumu lina mkono wa juu na wa chini. Ukiinua, rotili, kile kiungo cha mviringo cha mkono wa juu, inafanya kazi ikiwa imepinda hadi mwisho wake, na inaisha kabla ya wakati. Huko mkono wa juu ndio unaobadilishwa.

Ataniuliza mtu: kwa nini tusidai barabara? Tudai, tena kwa sauti. Mfuko wa kutunza barabara, FONER, uliundwa mwaka 2008, na tunauchangia kila tunapomimina mafuta. Barabara ya kweli kutoka Kasongo hadi Kabambare ingefanya nusu ya maneno yangu yasiwe na kazi. Lakini abiria wa kesho asubuhi atapita katika barabara iliyopo, juu ya gari tulilolitengeneza sisi. Deni hilo haliko Kinshasa.

Kwa wakuu wa barabarani nina ombi dogo. Kwenye barieri tunaulizwa karatasi, na karatasi tunazo. Ulizeni pia gari limeinuliwa inchi ngapi na mikono ilibadilishwa lini. Shikeni gurudumu, litikiseni. Haichukui muda mrefu kuliko kusoma kitabu cha gari.

Na wewe abiria, una haki ya kujua unalipanda gari gani. Kaa uangalie kona ya kwanza. Gari zima likitoka konani, usukani hurudi wenyewe katikati ya viganja vya dereva. Ukimwona anauvuta kwa nguvu ili urudi, mwambie aende polepole hadi kijiji kinachofuata, kisha mpigie mwenye gari simu umwambie ulichokiona. Kama mwenye gari ni mimi, nipigie mimi.