Ukerewe Iko Ng'ambo Tu, Twendeni kwa Baiskeli

Ndugu zangu wa Magu,

Nawaandikia kutoka Glasgow, na safari hii sina habari za baridi wala za kazi. Nataka tuzungumze kuhusu kisiwa cha Ukerewe.

Huku Uskoti kuna kisiwa kinachoitwa Arran. Mwisho wa wiki ukifika, watu wa mjini huchukua baiskeli zao wakapanda meli hadi bandari yake ya Brodick. Baiskeli hailipiwi nauli melini: baharia anakuonyesha pa kuiegemeza, unaifunga kwa kamba, unapanda juu kunywa chai. Barabara ya kukizunguka kisiwa ni kama kilomita 90. Kusini ni vilima mfululizo. Kaskazini, ukitoka Lochranza kwenda Sannox, kuna mwinuko wa Boguillie ambao wengi huishia kukokota. Nimeona wazee wenye mvi wakiupanda taratibu, wakifika juu wanafungua mkate wao wanakula huku wakitazama bonde. Wanalala, kesho yake wanarudi. Hakuna anayewauliza walikwenda kumwona nani.

Kila nikiwaona nawakumbuka ninyi. Ukerewe ni kubwa kuliko Arran, ina watu zaidi ya laki tatu, na sisi tumetenganishwa nayo na Ghuba ya Speke tu. Wengi wetu tukifika huko ni kwa msiba au kwa biashara ya dagaa. Kwenda kutembea tu tunaona ni mambo ya wazungu, na hilo silikubali hata kidogo. Baiskeli tunaijua: imebeba pamba, imebeba wagonjwa hadi zahanati, imebeba maharusi. Usukumani kuna mabinti wanaoshindana mbio za baiskeli za masafa marefu. Basi na itubebe siku mbili kwa furaha yetu wenyewe.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni lami hadi Mwanza, kama kilomita 60, kisha meli ya Nansio. Ya pili ni kupita Lamadi na Bunda hadi Kisorya, mkavuke kwa kivuko hadi Rugezi. Hiyo ni ndefu, heri baiskeli zipande basi. Kisiwani nendeni Bukindo mkaone jumba la machifu wa Wakerewe, mpande Handebezyo penye mawe makubwa mlitazame ziwa. Msikose Kagunguli, alikoishi Aniceti Kitereza, aliyemaliza riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, ikasubiri hadi 1980 kuchapwa kwa Kiswahili. Njiani mtapishana na vijana wenye magunia ya machungwa kwenye keria, yamekazwa kwa mipira ya tyubu. Wapisheni, wao wako kazini.

Najua mama zetu watasema nini. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, kivuko cha watu 101, kilipinduka kikikaribia kutia nanga kisiwani Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa. Kabla yake, Mei 1996, ilizama meli ya MV Bukoba. Hofu yao ni ya haki, na sitaki mtu awacheke. Ninachoomba ni hiki: mkikuta chombo kimejaa kupita kiasi, msipande, hata kama nauli mmeshalipa na giza linaingia. Nendeni na majaketi ya kuokolea yenu wenyewe. Nitachangia fedha za kuyanunua. Huku meli ikijaa lango linafungwa, na mwenye haraka anabaki nchi kavu kama wengine. Nasi tudai hivyo hivyo, kwa sauti, pale pale gatini.

Safari na iwe Nane Nane: ni kiangazi, barabara za vumbi zitakuwa zimekauka. Mwambieni fundi aangalie breki na viraka mapema, na dada zangu mhesabiwe tangu mwanzo. Idadi ikishajulikana nijulisheni, nitume hela ya majaketi.

Ndugu yenu,
Glasgow